Barua ya wazi kuhusu kibali cha kutumia jengo, karatasi ambayo mpangaji wa Dar es Salaam haonyeshwi

Kwa Wakurugenzi wa Halmashauri za Mkoa wa Dar es Salaam

Nakala: Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI)

YAH: UKAGUZI NA KIBALI CHA KUTUMIA JENGO KATIKA NYUMBA ZA GHOROFA ZA KUPANGISHA

Ndugu Wakurugenzi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa jiji hili na msimamizi mstaafu wa ujenzi. Niliingia katika kazi hii nikiwa kibarua wa kubeba zege kwa ndoo, nikasuka nondo kwa miaka mingi, na nikaimaliza nikiwa ndiye mwenye funguo za stoo ya saruji na mwenye kupanga siku ya kumwaga jamvi, yaani sakafu ya zege ya ghorofa. Sikusomea uhandisi, wala sidai kuwafundisha wahandisi wenu kazi yao. Ninachokijua ni kile anachokiona mtu aliyesimama ndani ya geti la saiti siku mkaguzi wa halmashauri alipofika, na siku nyingi zaidi ambazo hakufika. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe linawahusu watu wengi ambao hawajui hata kwamba lipo.

Miezi michache iliyopita binti yangu alipata kazi, akaanza kutafuta nyumba ya kupanga karibu na kazini kwake. Dalali alimpeleka kwenye jengo la ghorofa tano, jipya kwa kulitazama, lenye vigae vinavyong'aa na geti la umeme. Masharti yalikuwa yale tuliyoyazoea: kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Kabla hajalipa aliniomba nikalione, nami nikaliangalia kifundi, yaani nikaanza na ngazi na nguzo za chini, jiko na vigae nikaviacha baadaye. Chini ya ngazi, mahali ambapo plasta ilikuwa imebanduka, nondo zilikuwa wazi na zimekwisha kushika kutu, katika jengo ambalo tuliambiwa halijatimiza miaka mitatu. Nikamwuliza mwenye nyumba swali moja tu, kwa adabu: je, halmashauri ilikwisha kumpa kibali cha kutumia jengo hilo?

Mwenye nyumba hakukasirika. Aliingia ndani, akatoka na hati ya kiwanja iliyohifadhiwa vizuri kwenye plastiki, akaniambia kila kitu kimo humo. Hapa naomba ruhusa ya kuchepuka kidogo. Hati za kumiliki ardhi nilizowahi kuziona zimeandikwa kwa Kiingereza, na jina lake katika lugha hiyo, ukilitafsiri neno kwa neno, ni cheti cha ukaaji. Mtu asiyejua, na hata anayejua kidogo, akiliona jina hilo chini ya nembo ya Taifa huamini kwamba Serikali imekwisha kulikagua jengo na kuridhika kwamba watu wanaweza kulikalia. Kumbe hati hiyo haisemi lolote juu ya jengo. Inasema nani amepewa haki ya kuitumia ardhi, kwa miaka mingapi na kwa masharti gani. Juu ya ardhi hiyo panaweza kuwa na ghorofa tano au majani matupu. Sidhani kama mwenye nyumba yule alikuwa ananidanganya. Nadhani yeye mwenyewe hakuwa na habari kwamba ipo karatasi nyingine.

Nilikwenda kuuliza katika halmashauri husika, ambayo sitaitaja, kwa kuwa sina nia ya kumponza ofisa mmoja kwa jambo ninaloamini kuwa ni la halmashauri zote. Masijala walinielekeza idara ya mipango miji, mipango miji wakanielekeza ujenzi, na ujenzi wakaniambia nirudi Alhamisi. Alhamisi nilimkuta kijana mmoja mstaarabu aliyekubali kunisaidia. Faili lilikuwepo. Kibali cha ujenzi kilikuwemo, michoro ilikuwemo pamoja na mihuri yake, na fomu ya ukaguzi wa msingi ilikuwa imesainiwa. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Nguzo za chini, jamvi la kwanza, majamvi yaliyofuata, paa, hadi kibali cha kutumia jengo, kote kulikuwa kutupu. Nilipouliza sababu, alinijibu kwa upole: "Mzee wangu, hivi vya mwisho hakuna anayekuja kuviomba."

Ndugu Wakurugenzi, jibu hilo ndilo lililonikalisha mezani kuandika. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, yaani Sura ya 288, pamoja na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 na kanuni za udhibiti wa uendelezaji za 2008, zimeifanya halmashauri kuwa bawabu wa jengo tangu siku ya kuchimba msingi hadi siku ya kuhamia. Mtu hapaswi kuanza kujenga mjini bila kibali. Akishakipata, kazi inatakiwa kukaguliwa hatua kwa hatua kabla haijafunikwa. Na jengo likikamilika, linatakiwa kukaguliwa na kuruhusiwa kutumika kabla mtu hajaingiza kitanda. Hakuna mahali ambapo sheria inafikiria kuwa bawabu atakaa usingizini hadi mgeni amwamshe. Tena mgeni mwenyewe ndiye mwenye faida bawabu akiendelea kulala.

Nakiri kwamba upande wa kibali cha mwanzo mambo yamebadilika sana. Siku hizi mwombaji hutuma maombi na michoro yake kwa mfumo wa mtandaoni wa TAUSI bila kushinda kwenye mabenchi ya ofisi, na viongozi wamekuwa wakihimiza vibali vitoke haraka. Sina ugomvi na haraka hiyo. Lakini kibali cha ujenzi ni ruhusa ya karatasi kwa jengo ambalo bado liko kwenye karatasi, ilhali sisi tunalala ndani ya jengo lililosimama, na kati ya mchoro na jengo tunapita sisi mafundi, wenye koleo na haraka, na bosi anayepiga simu kuuliza kwa nini mifuko ya saruji inakwisha upesi.

Niruhusuni nieleze kinachotokea hapo katikati, maana ndipo ulipo uzito wa barua hii. Zege likimwagwa leo halina nguvu zake leo. Wahandisi hulihesabu kwa siku 28, na katika juma la kwanza, angalau, linatakiwa kumwagiliwa maji lisikaushwe na jua. Mirunda inayoshikilia jamvi mara nyingi ni ya kukodi, na ya kukodi hulipiwa kwa siku, kwa hiyo mwenye jengo anayehesabu fedha zake huagiza ing'olewe mapema ipande ghorofa inayofuata, wakati jamvi la chini bado halijajitegemea. Nondo zilizoandikwa milimita 16 kwenye mchoro hufika saiti zikiwa za milimita 12. Ringi za nguzo, yaani vyuma vinavyozizunguka nondo na kuzifunga pamoja, ambazo mchoro unataka zipishane kwa sentimita 15, hutawanywa hadi zikapishana kwa sentimita 30, na nguzo iliyofungwa hivyo kwa macho haina tofauti yoyote na nguzo nzima mara mbao za kuumbia zege zinapotolewa.

Kisha kuna maji, jambo ambalo katika mji wetu wa pwani linastahili kuzungumzwa kuliko linavyozungumzwa. Visima vingi vya Dar es Salaam hutoa maji ya chumvi. Nimeona kwa macho yangu zege likikorogwa kwa maji ambayo kibarua aliyelikoroga hakuweza kuyanywa, akaenda kununua ya dukani. Chumvi hiyo haionekani siku ya kupaka rangi wala siku ya kukabidhi funguo. Huonekana baada ya miaka, nondo inapoota kutu, inavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Ndiyo sababu kutu ile ya chini ya ngazi ilinishtua kuliko ambavyo ufa wowote wa ukutani ungenishtua, kwa kuwa ufa wa plasta unaweza kuwa wa plasta tu.

Makosa haya yote yana muda wake wa kuonekana, na muda huo ni wa saa chache, tangu nondo zinapomalizwa kufungwa hadi zege linapoanza kumwagwa. Mkaguzi akifika asubuhi atazihesabu kwa kidole. Akifika jioni atakuta jamvi limelainishwa vizuri, na atasaini kitu asichokiona. Namkumbuka mkaguzi mmoja aliyefika saa moja asubuhi kwa daladala, viatu vyake vikiwa na tope la Februari, akahesabu ringi za nguzo sita kisha akakataa tusimwage. Tulimchukia siku ile yote, kwa kuwa mashine ya kukorogea zege ilikuwa ya kukodi na vibarua 20 walikuwa wamekwisha kunywa chai ya bosi. Nguzo mbili zilifumuliwa na kufungwa upya. Katika miaka yangu yote ya saiti, ni mara hiyo moja tu niliyoona ukaguzi wa halmashauri ukiibadilisha nondo kabla haijafunikwa. Mara nyingine zote mkaguzi aliuliza kibali kiko wapi, akakiona, akaandika jina la msimamizi, akaondoka.

Mnajua kuliko mimi gharama ambayo jiji hili limekwisha kuilipa. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36, na ikaelezwa kwamba ghorofa zake zilizidi zile zilizoidhinishwa. Ghorofa ya ziada haijengwi usiku mmoja, tena katikati ya mji, ambako kila mtu anaweza kuinua macho na kuhesabu. Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani, watu wasiopungua 29 wakapoteza maisha, na Waziri Mkuu akaunda kamati ya watu 19 kuchunguza majengo ya eneo hilo. Jengo la kwanza lilikuwa bado linajengwa na la pili lilikuwa limetumika kwa miaka. La pili lilikuwa la maduka, wala si la kulala watu. Mtu anaweza kusema kwamba hayahusiani na nyumba ya kupanga ya binti yangu. Mimi naona kwamba kibali cha kutumia jengo, kikitolewa kwa haki, ndicho kinachoyagusa yote mawili, maana hakiwezi kusainiwa kwa dhamiri safi bila hatua za nyuma kukaguliwa, na hakiwezi kuendelea kuwa halali jengo likigeuzwa kuwa kitu kingine.

Kuhusu kugeuzwa huko, tembeeni barabara yoyote yenye biashara, ya Sinza au Tabata au Mbagala, mtaona nyumba zilizojengwa kwa ajili ya kulala watu na sasa upande wa barabarani ni fremu za maduka tu. Ili fremu ipate mlango mpana, ukuta hukatwa. Kama ukuta ule ulikuwa wa kujaza tu kati ya nguzo na nguzo, hakuna madhara makubwa. Kama ulikuwa unabeba, basi mzigo wake umehamia mahali ambapo hakuna aliyeuandalia. Aliyeitwa kuukata mara nyingi ni fundi wa kulipwa kwa siku, na hakuonyeshwa mchoro. Halafu kuna matanki juu ya paa. Tanki la lita 5,000 likijaa ni tani tano za maji, achilia mbali kichanja chake, na wenye nyumba huongeza la pili na la tatu kadiri wapangaji wanavyoongezeka, kama mtu anayeongeza chungu jikoni. Kwa hiyo, kibali kinachotolewa mara moja na kufungiwa kwenye kabati hakitoshi. Kinatakiwa kitaje idadi ya ghorofa, matumizi na mzigo wa paa, ili siku jengo linapoachana na kibali chake mtu yeyote aweze kuliona hilo.

Nimesikia hoja kwamba halmashauri haziwezi kuyajua majengo yote. Naiheshimu, lakini haiendani na yale ambayo Serikali imekwisha kuyafanya. Katika Sensa ya mwaka 2022 majengo yalihesabiwa pamoja na watu, yakapatikana zaidi ya milioni 14 nchi nzima. Mwaka huohuo ulifanyika utekelezaji wa anwani za makazi, na leo nyumba nyingi zina namba mlangoni na nafasi katika mfumo wa kidijitali wa anwani hizo, NaPA. Na tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa mijini, kisha mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500. Nawaomba mwisome tena sehemu hiyo ya mwisho. Kodi inakwenda kwa ghorofa. Maana yake Serikali imekwisha kujipa sababu ya kujua kila jengo la mjini lina ghorofa ngapi, na inalo jicho la kulitazama kila mwezi mtu anaponunua umeme. Jicho hilo likiona ghorofa tano huku faili la halmashauri lina kibali cha ghorofa tatu, linakata kodi ya ghorofa tano na kuendelea na safari. Katika nyumba nilizosimamia, aliyeomba kuunganishiwa umeme aliulizwa kitambulisho na fomu ya fundi wa umeme mwenye leseni, na hilo ni jema kabisa. Sikuwahi kumwona mtu akiulizwa kama jengo lenyewe limeruhusiwa kukaliwa.

Ukaguzi ambao mwananchi wa kawaida anaufahamu ni ule wa rangi nyekundu. Waliobomolewa bonde la Msimbazi na waliobomolewa Kimara hadi Kiluvya wanaijua alama ya X kuliko wanavyoijua fomu yoyote ya halmashauri. Siingii katika haki au makosa ya bomoabomoa hizo, zilizokuwa za mabonde na hifadhi ya barabara. Nasema tu kwamba zimewazoesha watu kumwona mkaguzi kama mtu anayekuja kuondoa, na mtu wa namna hiyo huonwa akiwa mbali na kufungiwa geti. Hata hivyo, alama peke yake haimlindi mtu. Jirani zetu wa Nairobi, katika mtaa wa Huruma, walipoteza watu wapatao 50 tarehe 29 Aprili 2016 katika jengo la makazi ambalo ilielezwa kuwa lilikwisha kutangazwa kuwa halifai. Wapangaji walikuwa bado wamo ndani.

Kwa nini mpangaji hubaki ndani ya jengo analoambiwa ni bovu? Watu wa ofisini hudhani ni ujinga au ubishi. Mpangaji wa Dar es Salaam amelipa miezi sita, pengine mwaka mzima, na mara nyingi fedha hizo ni za upatu, au mkopo wa kazini, au mchango wa ndugu. Mkaguzi akifika na kusema jengo halifai, fedha hizo ziko kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba amekwisha kuzifanya saruji ya ghorofa nyingine. Mpangaji akitoka, anatoka mikono mitupu na kuanza kutafuta miezi sita mingine pamoja na mwezi wa dalali mwingine. Kwa hiyo hunyamaza. Akiuona ufa, huuziba kwa kabati, na mtu wa halmashauri akipita akiuliza kama kuna tatizo, hujibu kwamba hakuna. Mpangaji ndiye shahidi wa kwanza wa kila jengo linaloanza kuchoka, maana ndiye anayesikia mlango unapoanza kugoma kufunga, na utaratibu tulionao unamlipa anyamaze. Utaratibu wowote wa ukaguzi usioeleza kodi iliyolipwa mbele itarudishwaje, na nani, na ndani ya siku ngapi, utaendelea kukutana na makabati.

Ipo hofu nyingine ambayo ni ya haki zaidi, nayo ni ya maeneo yasiyopimwa. Sehemu kubwa ya watu wa mkoa huu wanaishi Manzese, Tandale, Buguruni, Vingunguti na kwingine ambako nyumba zilitangulia ramani. Mkianza kesho kudai kibali kwa kila chumba cha uani, mtakuwa mmewahamisha watu maskini kutoka kwenye nyumba za chini ambazo, kwa hakika, hatari yake kubwa ni mafuriko na moto, wala si uzito wa jamvi. Sipendekezi hivyo. Napendekeza mwanzo uwe nyumba za ghorofa zinazopangishwa, kwa sababu ndizo zinazoweka familia nyingi chini ya kosa moja, na kwa sababu wamiliki wake wana uwezo wa kumlipa mhandisi.

Ninachoomba kwenu, kwa unyenyekevu lakini bila kuzunguka, ni kwamba kibali cha kutumia jengo kitoke kabatini. Kila jengo la ghorofa linalopangishwa liwe na kibali hicho mlangoni, kando ya namba ya anwani ya makazi, kikionyesha ghorofa zilizoruhusiwa, matumizi yake, tarehe ya ukaguzi wa mwisho na jina la ofisa aliyesaini. Wakati wa ujenzi tunalazimishwa kuweka bango lenye majina ya mkandarasi, mhandisi na mbunifu majengo, na bodi zao hulifuatilia bango hilo kwa ukali. Lakini bango hung'olewa jengo likikamilika, yaani siku ileile ambayo mpangaji angeanza kulihitaji. Orodha ya majengo yenye kibali iwekwe wazi katika TAUSI, ili mtu aliye na namba ya nyumba aweze kuitafuta kwa simu yake kabla hajamlipa dalali. Mwanya wa rushwa hautazibika kwa hilo peke yake, lakini ofisa anayejua kwamba jina lake linaning'inia kwenye mlango wa watu 60 atafikiri mara mbili kabla ya kusaini akiwa ofisini.

Katika saiti, jamvi lisimwagwe bila picha za nondo na saini ya siku hiyo kuingizwa kwenye faili la jengo. Najua wakaguzi ni wachache na usafiri ni mgumu. Basi mkaguzi akipewa taarifa na akashindwa kufika ndani ya siku mbili za kazi, mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi asaini kwa jina na namba yake, na halmashauri ichague baadhi ya majengo bila kutangaza na kwenda kuyapima yenyewe. Vifaa vya kupima ugumu wa zege na kutafuta nondo ndani ya ukuta vipo na havijazi hata begi la mgongoni. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lishirikishwe kwenye ukaguzi wa mwisho, maana nyumba yenye ngazi moja, madirisha yote ya nondo na mitungi ya gesi kila jikoni si ya kuachiwa mtu wa zege peke yake.

Kwa majengo ambayo tayari yana watu, toeni muda unaojulikana, tuseme miaka miwili, ambao mwenye nyumba anaweza kuleta ripoti ya mhandisi na kupewa kibali, au kupewa orodha ya marekebisho, bila kuadhibiwa kwa uzembe wa nyuma ambao halmashauri nayo ilishiriki. Watendaji wa mitaa, ambao wengi wetu tunapeleka mikataba ya upangaji kwao ikagongwe muhuri, waelekezwe kuandika namba ya kibali cha jengo juu ya mkataba. Isipokuwepo, waandike kwamba haipo, ili mpangaji asaini akijua. Na mkataba wenyewe uwe na kifungu kinachosema kwamba jengo likizuiwa kutumika, kodi ya miezi iliyobaki inarudi. Pale ambapo kodi ya LUKU inahesabu ghorofa nyingi kuliko kibali, tofauti hiyo ipelekwe moja kwa moja kwenye meza ya mhandisi wa halmashauri, na sehemu ya fedha hizo za kodi inunue mafuta ya gari la kumpeleka akaone.

Nimeambatanisha, kwa njia ya posta na kwa halmashauri husika peke yake, anwani ya makazi ya jengo nililolieleza, picha nne za chini ya ngazi na tarehe niliyofika ofisini kwenu. Naomba jibu la maandishi, hata kama ni la kunisahihisha.

Binti yangu kwa sasa amepanga chumba kimoja katika nyumba ya chini, uani, na anapanda daladala mbili kwenda kazini. Jengo lile bado linapangishwa. Nilipopita juma lililopita, kibao cha dalali kilikuwa getini palepale, na juu ya paa mafundi walikuwa wanasimika tanki la tatu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Msimamizi mstaafu wa ujenzi
Dar es Salaam